Mpira wa Petroli Huzeeka kwa Miaka: Namna ya Kubadili Mabomba ya Mafuta katika Gari Kuukuu la Chama

Gari la chama cha ushirika si la dereva, wala si la katibu. Ni mali ya wanachama wote, iliyonunuliwa kwa makato ya mazao yao, na wakati wa msimu hubeba magunia, mbolea, mizani, fedha za malipo na mara nyingi watu. Kwa sababu hiyo, hatari iliyomo ndani ya gari hilo ni hatari ya chama kizima. Miongoni mwa hatari hizo ipo moja isiyoonekana kwa urahisi, isiyopiga kelele kama breki mbovu, wala isiyomzuia dereva kuondoka asubuhi. Nayo ni mpira mkuukuu wa petroli.

Baadhi ya vyama vingali na magari ya umri mkubwa. Land Rover za Series III, kwa mfano, zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imekwisha kufikia umri wa miaka 40 hivi. Injini zake ni imara, na fundi wa kijijini huweza kuzifungua kwa spana chache. Lakini uimara wa chuma umewadanganya wengi. Chuma cha injini chaweza kudumu nusu karne. Mpira unaopeleka petroli kwenye injini hiyo hauwezi.

Makala haya yanaeleza kwa nini mpira wa petroli huharibika, dalili zake, namna ya kuchagua mpira mwingine, na namna ya kuubadili bila kuhatarisha maisha ya fundi. Mfano unaotumika ni Land Rover ya petroli ya Series III, lakini kanuni ni zile zile kwa Bedford, Peugeot 404 au gari jingine lolote la zamani lenye kabureta.

Njia ya petroli

Petroli hutoka tangini kwa bomba jembamba linalofuata ubavu wa chasisi mpaka kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya pampu mna kiwambo kinachochezeshwa na mkono unaosukumwa na shafti ya injini. Kiwambo kikishuka huvuta petroli kutoka tangini. Kikipanda huisukuma kwenda kwenye kabureta.

Chasisi imetulia, lakini injini imekaa juu ya mipira yake na hutikisika muda wote inapozunguka. Bomba la chuma likifungwa moja kwa moja kutoka chasisi hadi kwenye pampu litachoka na kukatika. Ndiyo maana kati ya chasisi na injini huwekwa kipande cha mpira. Kadhalika upo mpira kwenye maungio ya tangi, mpira mnene unaounganisha tangi na mdomo wa kutilia petroli, na mpira mwembamba wa kupumulia. Mipira yote hiyo ni njia moja, na yote huzeeka pamoja.

Yafaa kutofautisha pande mbili za pampu. Upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini hadi kwenye pampu, mpira ukipasuka pampu huvuta hewa badala ya petroli. Gari hukohoa mlimani, hukosa nguvu likiwa na mzigo, na asubuhi huwa gumu kuwaka. Mafundi wengi hulaumu kabureta au plagi, na chama hununua vipuri visivyohitajika. Upande wa kusukuma, yaani kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta, mpira ukipasuka petroli hurushwa nje. Katika injini ya Land Rover hizo, kabureta imekaa juu, na manifoldi ya moshi iko chini yake. Petroli inayovuja hapo huangukia sehemu yenye joto kali kuliko zote katika injini.

Sababu za mpira kuharibika

Mpira wa petroli haufanani na tairi. Tairi huisha kwa safari, kwa hiyo dereva hulihesabia kilometa. Mpira wa petroli huzeeka kwa miaka, gari likitembea au likisimama. Wenye magari yanayosimama ghalani baina ya msimu na msimu hudhani kwamba gari limepumzika. Injini imepumzika kweli, mpira haukupumzika.

Sababu za kuzeeka huko ni nne. Ya kwanza ni joto la injini, ambalo huukausha mpira na kuufanya mgumu kama ukuni. Ya pili ni hewa na jua, ambavyo huutia nyufa nje. Ya tatu ni mtetemo wa barabara mbaya, unaousaga mpira pale unapogusana na chuma. Ya nne ni petroli yenyewe, ambayo huutafuna mpira kutoka ndani. Mpira unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umekwisha kubanduka vipande vyeusi vinavyokwenda kuziba chujio na matundu ya kabureta.

Sababu hii ya nne imeongezeka uzito katika miaka ya karibuni, kwa kuwa nchi nyingi sasa huchanganya petroli na ethanoli, yaani spiriti inayotokana na miwa au nafaka. Malawi ilianza kuchanganya hivyo mwaka 1982. Nchini Uingereza, yalikotengenezwa mengi ya magari haya, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 ilifanywa ya kawaida mwezi Septemba 2021, na wenye magari ya kale wakashauriwa waendelee kutumia ile isiyozidi asilimia 5. Mipira ya miaka ya 1970 haikutengenezwa kwa ajili ya spiriti hiyo. Ikiinywa huvimba, hulainika, kisha hukauka na kupasuka. Aidha, ethanoli huvuta maji na huzoa uchafu na kutu ya miaka mingi iliyolala tangini. Gari linalovuka mpaka, au linalonunua mafuta bila kujua mchanganyiko wake, halina kinga ila kuwa na mpira unaoistahimili ethanoli.

Kwa gari lililopita katika mikono mingi, yapo mashaka mengine. Nchini Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo mali nyingine zimehama kutoka chama hadi chama. Gari lililohama bila daftari lake la matengenezo halina historia. Kanuni inayofaa ni moja: mpira ambao hakuna aijuaye tarehe yake uhesabiwe kuwa umekwisha muda.

Dalili na gharama ya kuvuja

Ukaguzi hauhitaji chombo cha thamani. Injini ikiwa imepoa, fundi aukunje mpira taratibu kwa vidole. Mpira mzima hukunjika na kurudi. Mpira mzee hukataa kukunjika au huonyesha nyufa ndogo mfano wa udongo mkavu. Aubinye: ukilegea kama matope, umeliwa ndani. Apanguse maungio kwa karatasi nyeupe au kitambaa safi na kunusa. Penye vumbi lililolowa na kushikamana kuzunguka klipu, petroli inatoka hata kama hakuna tone linaloonekana. Harufu ya petroli ndani ya gari asubuhi, kabla halijawashwa, isichukuliwe kuwa tabia ya gari kuukuu. Ni taarifa ya hatari.

Madereva hupenda kusema kwamba mpira “unatoa jasho tu”. Yafaa katibu ajue hesabu ya jasho hilo. Siku moja ina sekunde 86,400. Bomba likidondosha tone moja kwa kila sekunde, na hata yakikadiriwa matone 50 katika mililita moja, itamwagika zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, na lita zipatazo 50 kwa mwezi wa siku 30. Lita hizo ni fedha za wanachama. Lakini hasara ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na ile ya moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse katika joto la kwetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai kama moshi, bali hutambaa chini, hujaa katika mashimo na pembe za karakana, na huweza kukifuata cheche au moto ulio mbali. Gari lililopakia pamba linaposhika moto, mzigo, gari na fedha huteketea kwa pamoja, na waliokaa juu ya mzigo huwa hawana nafasi ya kushuka.

Kuchagua mpira na bomba

Kosa la kawaida ni kununua mpira kwa kutazama unene tu. Si kila mpira mweusi ni mpira wa petroli. Mpira wa maji ya rejeta, mpira wa bustani na mpira wa upepo wa breki havifai. Bomba la plastiki linalopitisha mwanga, na hasa lile la dripu za hospitalini, hukakamaa au kuyeyuka. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyoviringishwa juu ya ufa navyo huvimba na kulegea vikiguswa na petroli. Sabuni ya mche inayopakwa kwenye tundu la tangi huzuia uvujaji kwa muda, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Lakini kazi yake ni kulifikisha gari kwenye karakana iliyo karibu, si kumaliza msimu.

Mpira halali una maandishi ubavuni. Yanayotakiwa ni alama ya kiwango cha mipira ya mafuta, SAE J30, ikifuatwa na R6, R7 au R9. R6 na R7 ni ya magari ya kabureta, yenye msukumo mdogo. R9 ni imara zaidi: umetengenezwa kwa magari ya msukumo mkubwa, na tabaka lake la ndani huistahimili ethanoli. Kwa gari la zamani linalotumia petroli ya siku hizi, R9 ndio unaofaa kununuliwa hata kama bei yake ni kubwa. Mipira yote ya Land Rover moja, mbali na bomba la chasisi, haizidi meta chache. Tofauti ya bei haiwezi kulingana na thamani ya gari. Mpira usio na maandishi, au wenye maandishi yanayofutika kwa kidole, usinunuliwe. Na ule uliokaa miaka mingi juani mlangoni pa duka umekwisha kuzeeka kabla ya kuuzwa.

Kipimo kiwe cha tundu la ndani, nacho kipimwe kwenye bomba la gari lenyewe. Mpira uliolegea hauokolewi na klipu, na uliobana mno hupasuka mdomoni.

Kwa bomba refu la chini ya chasisi, chuma na mchanganyiko wa shaba na nikeli ndizo zinazofaa. Shaba tupu hupendwa kwa kuwa hukunjika kwa urahisi, lakini mtetemo huifanya ngumu, na baada ya muda hukatika penye maungio. Bomba la plastiki ngumu la tangu enzi za kiwanda huwa limekauka. Likikunjwa kidogo wakati wa kazi huvunjika. Hilo nalo libadilishwe.

Klipu zistahili mpira wake. Zile pana zenye meno, zinazokazwa kwa bisibisi, hufaa mipira minene. Kwa mpira mwembamba wa petroli huuma na kuukata. Zinazofaa ni zile nyembamba zenye bolti moja na nati, ambazo kingo zake zimekunjwa na hubana pande zote kwa usawa.

Maandalizi ya usalama

Kazi hii huharibika zaidi katika maandalizi kuliko katika ufundi. Kabla ya spana ya kwanza kushikwa, mambo yafuatayo yatimizwe.

Kwanza, gari lipelekwe nje, mahali tambarare penye upepo, mbali na jiko, mashine ya kusaga, karakana ya kulehemu na watu wanaovuta sigara. Lisiwekwe juu ya shimo la kukagulia, kwa maana mvuke hujaa humo. Injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha, na kazi ifanywe mchana. Koroboi, kandili na taa ya balbu isiyokingwa visisogezwe.

Pili, betri ifunguliwe. Utangulie kufunguliwa waya unaokwenda kwenye bodi ya gari. Fundi authibitishe waya huo kwa macho, asiongozwe na alama ya hasi peke yake, kwa sababu baadhi ya magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa waya chanya kwenye bodi.

Tatu, kizimamoto cha unga na ndoo mbili za mchanga mkavu viwekwe hatua chache kutoka kwenye gari, si ndani yake, na mtu wa pili awepo muda wote. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwani petroli huelea juu ya maji na kuueneza moto.

Nne, petroli ipunguzwe tangini kwa kufungua nati ya chini ya tangi, au kwa pampu ya mkono. Kuvuta petroli kwa mdomo kukomeshwe katika kila chama. Tone la petroli likiingia mapafuni huleta ugonjwa mkali wa mapafu unaoweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, maana katika kutapika ndipo huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Petroli itiwe katika jerikeni ya mafuta yenye kifuniko, ikiwa imewekwa chini juu ya ardhi. Ndoo ya plastiki iliyo wazi haifai, kwa sababu hutoa mvuke, na umeme unaojikusanya katika plastiki waweza kutoa cheche.

Tano, ieleweke kwamba tangi tupu si salama kuliko tangi lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, na mchanganyiko wa namna hiyo hupatikana kwa urahisi ndani ya tangi lililomwagwa. Kwa hiyo tangi lililowahi kutiwa petroli lisilehemiwe kijijini kwa hali yoyote, hata likiwa limekaushwa juani.

Kazi yenyewe

Fundi aanze kwa kuchora njia nzima kwenye karatasi: mpira upi unatoka wapi, una urefu gani, unapita wapi. Kisha abadilishe kimoja kimoja. Anayefungua mipira yote kwa pamoja hukosea kuirudisha.

Mpira wa zamani usivutwe kwa nguvu, kwa sababu bomba la chuma lililoliwa na kutu hukatika. Upasuliwe kwa kisu kwa urefu wake, kisha ubanduliwe. Hapo mwisho wa bomba ukaguliwe. Bomba lenye mashimo ya kutu au uso uliokwaruzwa halizibi vizuri, hata klipu ikikazwa namna gani. Mwisho wa bomba uwe na uvimbe mdogo wa mviringo, ambao ndio huzuia mpira usichomoke.

Mpira mpya ukatwe kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Msumeno huacha unga wa mpira unaokwenda kuziba kabureta. Baada ya kukatwa, mpira upulizwe upepo. Klipu itangulie kuvalishwa, kisha mpira usukumwe mpaka upite uvimbe wa bomba kwa sentimeta mbili au zaidi. Tone la mafuta safi ya injini husaidia kuuteleza. Klipu ikae nyuma ya uvimbe, isikae juu yake, na ikazwe mpaka mpira ubanike bila kutokeza pembeni.

Njia ya mpira iangaliwe kwa makini kuliko jambo jingine. Usikunjwe kwa pembe kali, usivutike kama kamba ya nguo, bali uachiwe ulegevu kidogo wa kufuata mtikisiko wa injini. Usiguse bomba la moshi. Uwe mbali nalo walau kwa upana wa kiganja. Unapopita kwenye tundu la bati uvalishwe pete ya mpira, la sivyo bati litausaga. Bomba refu la chasisi lishikwe kwa klipu kila baada ya sentimeta 30 hivi ili lisitikisike.

Utepe mweupe wa mafundi wa maji usitumiwe kwenye nati za petroli. Vipande vyake hukatika na kuingia kwenye kabureta. Chujio jipya lifungwe kwa kufuata mshale ulioandikwa, wala lisining'inizwe juu ya manifoldi ya moshi. Bakuli la uchafu la pampu lifunguliwe, lisafishwe na kuwekewa gaskiti mpya. Mpira wa mdomo wa tangi na ule wa kupumulia usisahauliwe, kwani husahauliwa na wengi, na ndio unaotoa harufu gari linapojazwa mafuta.

Kujaribu kabla ya kuwasha

Baada ya kufunga, injini isiwashwe. Petroli kidogo, lita tano hivi, irudishwe tangini. Pampu ya Land Rover hizo ina mkono mdogo wa kusukumia kwa kidole; fundi ausukume taratibu mpaka ahisi kabureta imejaa. Hapo aende kwenye kila klipu na kupangusa kwa karatasi nyeupe. Penye unyevu pafunguliwe na kufungwa upya. Faida ya mkono huo ni kwamba uvujaji huonekana injini ikiwa baridi na betri ikiwa imefunguliwa.

Pakiwa pakavu kote, vitambaa vyote vilivyolowa viondolewe, petroli iliyomwagika ifunikwe mchanga, na mvuke uachwe upeperuke. Ndipo betri ifungwe, na injini iwashwe kwa dakika kumi, kizimamoto kikiwa karibu. Ikaguliwe tena ikiwa inazunguka, na mara ya tatu baada ya safari fupi, kwa maana mpira mpya hujikalisha na klipu huhitaji kukazwa kidogo. Ukaguzi wa mwisho ufanywe baada ya wiki moja.

Ikiwa pampu yenyewe imekufa, isizungukwe kwa kuning'iniza kidumu cha petroli juu ya kabureta au ndani ya gari ili petroli ishuke yenyewe. Desturi hiyo imezoeleka barabarani. Kidumu kikipasuka au mpira ukichomoka, hakuna cha kuizuia petroli mpaka iishe yote juu ya injini.

Magari ya dizeli

Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini mipira yake nayo huzeeka. Ufa mdogo upande wa kuvuta huingiza hewa, na gari huzimika. Baada ya kubadili mipira yapasa kutoa hewa kwa kulegeza skrubu ya chujio na kusukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Onyo moja ni la lazima: mabomba magumu ya chuma yanayotoka kwenye pampu kubwa kwenda kwenye nozeli yasipapaswe kwa mkono injini inapozunguka. Msukumo wake ni mkubwa kiasi cha kupenyeza dizeli ndani ya ngozi, na jeraha hilo, ingawa huonekana dogo kama tundu la sindano, huhitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Wajibu wa katibu na kamati

Kazi hii ni ya fundi, lakini chanzo chake ni katibu. Mpira wa bei rahisi hununuliwa kwa sababu hati ya malipo imeandikwa “mpira” bila kutaja aina yake. Gari lenye kuvuja huendelea kupakia kwa sababu hakuna aliyepewa mamlaka ya kulisimamisha. Mambo hayo mawili hurekebishwa mezani.

Katika daftari la gari liwepo ukurasa wa mabomba ya mafuta, wenye tarehe ya kubadili, sehemu iliyobadilishwa, maandishi yaliyo kwenye mpira, urefu wake, jina la fundi, na tarehe ya kubadili tena. Ukaguzi ufanywe kabla ya kila msimu. Kwa chama cha pamba, ambacho ununuzi wake kwa kawaida huanza Mei, mwezi wa Aprili unafaa. Kwa chama cha korosho, Septemba. Mipira yote ibadilishwe kila baada ya miaka mitano, hata ile inayoonekana mizima. Fungu lake liingizwe katika makisio ya mwaka kama vile linavyoingizwa la tairi, ili lisiombwe kwa dharura gari likiwa limeegeshwa njiani na mazao ya watu.

Aidha, kamati iandike katika kumbukumbu zake kwamba dereva anayenusa petroli ana haki ya kulisimamisha gari na kutoa taarifa, na kwamba hatalaumiwa kwa kuchelewesha mzigo. Dereva asiye na haki hiyo atafunga ufa kwa tyubu ya baiskeli na kuendelea na safari, kwa kuwa analaumiwa kwa kuchelewa na halaumiwi kwa kuvuja. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Siku moja ya gari kusimama katikati ya msimu huumiza, lakini chama huweza kuilipa siku hiyo. Gari lililoungua na mtu aliyeungua pamoja nalo, chama hakiwezi kuvilipa.

Vyama vyenye magari visisubiri mkutano mkuu. Katibu afungue daftari la gari leo na kutafuta tarehe ya mwisho ya kubadilishwa mipira ya petroli. Asipoiona, jibu amekwisha kulipata.